Mama Godelive Si Mimi

Likasi, Panda, 12 Februari 2024

Mwanangu Magloire,

Pokea salamu za watu wa nyumba hii, yaani mimi na Princesse, maana wengine wote wako kaburini au machimboni. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Imeingia jikoni, imeingia chumbani, na ukuta wa upande wa choo umeanza kuinama. Umeme unakuja ukipenda. Tunaishi jirani na bwawa la umeme la Koni, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda viwandani, na sisi chini tunapuliza makaa. Princesse yuko darasa la tatu, anasoma vizuri kuliko alivyosoma mama yake, marehemu binti yangu Chérie. Sasa ananisahihisha hata mimi mwalimu: "Nkambo, haina vile." Bibi wa watu nimepata mkaguzi nyumbani.

Mwambie mkeo Laure kwamba picha ya mtoto nimeiona. Paji la uso ni la mama yako, dada yangu Élisabeth, halijapungua kitu.

Barua hii analeta Ambroise, yule anayefanya biashara ya vipuri vya magari kati ya huko kwenu Ubelgiji na Lubumbashi. Nimejaribu kukupigia simu. Inaita mpaka inachoka. Basi naandika, kwa kuwa karatasi haiwezi kunidanganya kwamba mtandao umekatika.

Sasa jambo lenyewe. Kule Kikula, nyuma ya kanisa moja la uamsho, kuna jumba ambamo kikundi cha wasomaji kinakutana. Wanakiita Mazungumzo ya Vitabu na Mabadiliko. Kiongozi ni kijana mmoja Ricky, shati limepigwa pasi hata siku ambazo mtaa mzima hauna umeme. Wanachukua kitabu, na mwandishi akiwa karibu wanamwita, akiwa mbali wanaongea naye kwa simu. Nakala huwa ni moja, kwa hiyo Daniella, aliyekuwa mwanafunzi wangu, anasoma Kifaransa na kukigeuza Kiswahili papo hapo, watu wanasikiliza. Mwisho kila mmoja anasimama na kusema kitabu kimembadilisha nini. Wanafanya kama wanavyotoa ushuhuda kanisani, kwa sababu ndivyo walivyozoea tangu utotoni. Kwao mtu akisimama akisema "mimi", basi jambo limetokea. Mwezi huu walichukua kitabu chako, Mtoto Aliyefungiwa Nje.

Nilivaa kikwembe kipya. Nilikaa mstari wa mbele. Njia nzima nilikuwa namwambia kila ninayekutana naye kwamba mwandishi ni mwanangu, nimemlea mimi. Ukitaka kucheka, cheka hapo.

Daniella akafika kwa Mama Godelive, mama mdogo wa yule yatima. Mwalimu. Nyumba ya kona katika kambi ya Panda, karibu na tangi la maji. Anaburuta mguu wa kushoto. Magloire, mimi naburuta mguu upi? Huyo Godelive anamwita mtoto ndoki, anasema amemla mama yake kwa uchawi. Anamtia pilipili machoni, anamfungia nje wakati wa mvua, na mtoto analala chini ya meza za soko la Kikula mpaka masista wanamwokota. Na mtoto huyo anasema "mimi" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sauti ya Daniella ilishuka. Watu wakaanza kugeuka, kwanza wanawake, halafu jumba zima, wananitazama mguu.

Najua riwaya ni kitu gani, nimefundisha mpaka nikastaafu. Wao hawajui, na wewe ulizaliwa hapa, unajua kwamba hawajui.

Sikuulizi kwa nini. Mwandikie Ricky mistari miwili tu: ni hadithi, Godelive hayupo duniani. Nami nitalisahau jambo hili, na tutaendelea kupendana.

Mama yako mdogo,
Gertrude

* * *

Liège, 28 Machi 2024

Mama mpendwa,

Barua yako imenifikia, nimeisoma nikiwa kwenye treni na nikasikia harufu ya mvua ya Panda. Huku baridi inakataa kuondoka. Laure anakusalimu sana. Mtoto ameota jino, hatulali. Pole kwa ukuta. Ambroise atakuletea kitu kidogo pamoja na barua hii. Mwambie Princesse aendelee kukusahihisha, ndivyo waandishi wanavyoanza!

Mama, nimefurahi sana kusikia kwamba kitabu kinasomwa Kikula. Huwezi kujua jambo hilo linanigusa vipi. Huku nimeshafanya mazungumzo na wasomaji katika miji mingi. Namur watu walilia. Mzee mmoja alinishika mikono miwili akasema hajawahi kuelewa mateso ya watoto wetu mpaka siku ile. Hayo ndiyo mabadiliko ambayo Ricky anayasema, na ndiyo sababu naandika.

Kuhusu Godelive, naomba usimsome kwa hasira. Godelive ni wanawake wengi waliokusanywa katika mmoja. Mwandishi anachukua mguu hapa, nyumba pale, sauti kwingine. Kitabu kikishatoka si changu tena, ni cha wasomaji, na kila msomaji ana haki yake. Nikianza kuwaambia huyu ni nani na huyu si nani, nitakuwa nimekiua kitabu. Wewe mwalimu unalielewa hilo kuliko mtu yeyote.

Watu watazoea. Watachukua kitabu kingine mwezi ujao na watasahau mambo ya mguu. Usiwape nafasi moyoni.

Nakukumbuka kila siku.

Mwanao,
Magloire

* * *

Likasi, 6 Mei 2024

Magloire,

Tumepata chokoleti. Princesse amekula, mimi sikuweza. Salamu kwa Laure na mtoto na jino lake. Mvua imekata, vumbi limerudi, ukuta bado umesimama kwa huruma za Mungu.

Ulisema watasahau. Hawakuchukua kitabu kingine. Wamekirudia kile kile, na sasa mada ni mimi. Jumamosi iliyopita nilikwenda tena, maana nilisema nikikaa nyumbani watasema nimejificha. Mwanamke mmoja muuza samaki, ambaye sikumkosea kitu, akasimama kutoa ushuhuda wake huku akinitazama:

"Minye, changement yangu ni hii. Tangu tulisoma ile buku, nikipita pale Panda, nikiona ule mama, ninashika mutoto wangu mukono nguvu. Mbele nilikuwa namusalimia. Sasa macho yangu imefunguka. Merci ku mwandikaji."

Watu wakapiga makofi. Ricky akaandika kwenye karatasi yake kwamba mwingine amebadilika. Niliona kinyaa, Magloire, kile kinyaa cha mtu aliyekuta nywele katika tonge la bukari.

Nikamfuata Ricky mlangoni. Nikamwambia: "Mutoto wangu, ile ni roman. Ni kintu ya kutunga."

Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi: "Mama, hatukatae. Mais mwandikaji mwenyewe alisema. Angalia."

Akatoa simu yake. Ni wewe, mwanangu, umevaa skafu, umekaa mbele ya maikrofoni ya redio ya huko. Mtangazaji anakuuliza: yule mtoto ni nani? Macho yanajaa machozi, unasema: ni mimi. Kila neno ni maisha yangu. Nikakutazama ukilia. Nimekuosha kamasi, nakujua unavyolia, na yale hayakuwa machozi yako. Nilimrudishia kijana simu yake kwa vidole viwili.

Kwa hiyo tuache mambo ya wanawake wengi waliokusanywa katika mmoja. Acha nikukumbushe mara moja, kisha sitarudia. Élisabeth alipokufa, ni wanawake wa kikundi cha maombi waliosema umemla mama yako, pamoja na ndugu za mume wangu Athanase. Walikuja kukuchukua wakakufungishe bila kula na kukutoa pepo. Nilisimama mlangoni. Nikawaambia wakitaka mtoto wapite juu yangu. Hawakupita. Tangu siku ile ndugu za Athanase hawakukanyaga kwetu, hata msibani kwake hawakuja, jeneza lilibebwa na majirani. Hukulala sokoni hata mara moja. Ulilala kitandani kwangu, miguuni pangu, kwa sababu ulikuwa unaogopa giza. Ulimchukua yule aliyesimama mlangoni ukamfanya yule aliyeufunga.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye moto. Tshimanga amekuja. Ni babu wa Princesse kwa upande wa baba, yule mnunuzi wa mawe ya shaba. Mwanawe Papy ndiye aliyemwoa Chérie wetu, kisha akapotelea machimboni. Mzee huyu hakuwahi kumtaka mtoto. Sasa amekaa sebuleni kwangu, kofia magotini, na wanawake wawili wa kikundi cha Ricky pembeni.

"Mama Gertrude," akasema, "hatukuye na matata. Mais Princesse eko damu yetu. Hatuwezi kumuacha mu nyumba ya muntu mwenye kutupa batoto inje."

"Nani alikuambia minye ninatupaka batoto?"

"Iko mu buku, mama. Mutoto wenu mwenyewe njo aliandika. Muzungu anaweza kukutungia bongo, kusema uongo juu yako, mais ule ni mutoto wa mu nyumba."

Nilimwita Daniella aje anisemee vizuri. Alikuja, akainamisha kichwa, akasema: "Maîtresse, siye hatukuhukumu. Mungu anasamehe." Nilimfundisha kusoma mtoto yule.

Tshimanga ana uwezo, ana kanisa nyuma yake, na mimi ni mjane mwenye mguu. Amenipa mpaka shule zifungwe mwanzoni mwa Julai. Nikipoteza Princesse sina mtu. Sema neno moja: Godelive si Mama Gertrude, Mama Gertrude hakunifukuza. Liandike, litamke, lipige kwa simu, lolote. Ila liseme wewe, kwa sababu mimi hawanisikii.

Gertrude

* * *

Liège, 9 Juni 2024

Mama,

Nimepata barua yako jana kutoka kwa Ambroise, nimekaa nayo. Laure anauliza mbona sili. Habari ya Princesse imenisumbua kweli.

Naomba unielewe na mimi. Mchapishaji ndiye aliyetaka kwenye jalada yaandikwe maneno haya, "kisa cha kweli". Bila hayo hakuna anayetazama riwaya ya mtu wa Likasi. Sasa kuna toleo la pili, kuna tuzo ambayo jina langu limo, kuna shule zinazonialika nizungumze na vijana kuhusu watoto wanaoitwa wachawi. Watoto wale wapo, Mama, wapo kweli, wanalala barabarani usiku huu, na mimi nawasemea. Nikisema leo kwamba mimi sikuwa mmoja wao, hakuna atakayewasikiliza tena. Fikiria nani ataumia.

Lakini sitakuacha. Ricky ameniandikia, anaomba nizungumze na wasomaji kwa video Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na nimekubali kwa ajili yako. Nitasema neno litakalokuondolea aibu bila kubomoa kitabu. Nimeshalitafuta, nimelipata. Njoo, kaa mbele, mlete na Princesse. Mwambie Tshimanga pia aje.

Niamini, Mama.

Magloire

* * *

Likasi, 1 Julai 2024

Magloire,

Baridi ya kipupwe imeingia, asubuhi tunavaa kila kitu tulicho nacho. Princesse amefaulu, ni wa pili darasani. Leo naandika habari ya Jumamosi, ingawa ulikuwepo, kwa sababu nataka uione kutoka upande wangu wa shuka.

Walikuwa wametundika shuka jeupe ukutani, na jenereta linanguruma nje. Juu kitambaa kimeandikwa: Kitabu Kinabadilisha. Jumba lilijaa mpaka madirishani. Ukatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko mlango, na rafu za vitabu nyuma yako. Walikupigia vigelegele. Ulisema kusoma pamoja kunaponya. Ulisema mwandishi na msomaji ni watu wawili wanaoosha kidonda kimoja. Watu wakasema amina kila ulipovuta pumzi. Nilikaa mbele, Princesse kando yangu, Tshimanga nyuma yetu, nikangoja hilo neno ulilolipata.

Ukazungumza, ukazungumza, hukulisema. Nikaona Ricky anatazama saa. Nikasimama mwenyewe nikashika maikrofoni.

"Magloire, mutoto wangu, ni minye Gertrude. Sema mbele ya hawa bantu. Mama Godelive njo minye? Sema ndiyo ao hapana."

Watu wakageukia shuka. Ulivua miwani. Uliyafuta macho yako. Nikasema moyoni, sasa, mwanangu, sasa.

"Mama," ukasema, "nilikusamehe zamani."

Hilo ndilo neno ulilotafuta huko Liège mpaka ukakosa kula. Umenisamehe. Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kuoshea samaki. Na watu, Magloire! Watu waliruka. Waliimba, walikumbatiana, muuza samaki akanishika shingo akinilia begani, jasho lake na machozi yake vyote vikaniingia shingoni. Ricky anapiga picha. Wewe kule juu umeweka mkono kifuani, unaitika kwa kichwa kama askofu.

Hapo Tshimanga akaja mbele. Machozi yanamtoka yeye pia, na yake yalikuwa ya kweli, hilo nampa.

"Mama, mutoto wako anakusamehe. Na siye tunakusamehe. Piga magoti, sema tu neno moja: minye njo Godelive, buku imenibadilisha. Ukisema, Princesse atabakia kwako. Minye Tshimanga ninaapa mbele ya Mungu na hawa bantu yote. Ukikataa, basi moyo yako ingali ngumu, na leo tunaenda na mutoto."

Nilikutazama kwenye shuka. Bado ulikuwa na nafasi. Ungefungua mdomo tu. Uliinamisha macho chini, kama mtu anayesoma kitu mezani.

Nikamtazama Princesse. Alikuwa amekamata kona ya kikwembe changu.

Nikapiga magoti. Mguu wa kushoto haukunjiki, ilibidi muuza samaki anisaidie kushuka. Ricky akainama na maikrofoni. Nikasema kwamba mimi ndiye Godelive. Nikasema kwamba kitabu cha mwanangu kimenibadilisha. Nimeungama mbele ya watu dhambi ambayo wewe uliitunga ukiwa umekaa kwenye kiti kizuri, na waliniombea kwa mikono juu ya kichwa changu mpaka skafu ikaanguka.

Mtoto amebaki. Tshimanga ameshika neno lake, na hata mfuko wa unga ametuma. Nami najichukia, na wewe nakuonea kinyaa, na sijui kipi kimetangulia.

Gertrude

* * *

Liège, 18 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Ambroise amekwama Lubumbashi kwa mambo ya forodha, kwa hiyo kama umeniandikia bado sijapata. Sikungoja, barua hii nampa mtu mwingine anayekuja huko. Moyo umejaa mno. Huku ni likizo, jua linawaka, mtoto anatambaa nyumba nzima na kuvuta vitabu vyangu chini. Laure anakubusu.

Mama, ile Jumamosi! Unaona sasa? Nilikuambia uniamini. Hakuna aliyeaibika, kitabu kimesimama, na Princesse yuko kwako. Nilipokuona unapiga magoti nililia, na Laure aliyekuwa nyuma ya kompyuta alilia. Najua ulifanya kwa ajili ya mtoto, na mimi nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Nisingeweza kuandika tukio zuri kuliko lile.

Ricky alirekodi video yote na kuiweka mtandaoni. Imetazamwa na watu wengi ajabu. Mchapishaji amenipigia, anataka kitabu cha pili: mama anayesamehewa. Sauti yako, kutoka ndani. Oktoba kuna mazungumzo makubwa na wasomaji huko Namur, mada ni vitabu na mapatano, na wangependa wewe na Princesse mtokee kwenye skrini kwa dakika chache. Hamtahitaji kusema mengi. Ricky atawapangia.

Nina swali moja tu, nalo ni la mwandishi kwa hiyo usinikasirikie. Ulijisikiaje ulipokuwa magotini na baada ya kusimama? Mwili ulisema nini? Niandikie kama inavyokuja, usirekebishe.

Mwanao anayejivunia wewe,
Magloire

* * *

Likasi, 15 Septemba 2024

Magloire,

Salamu sina. Ukuta umeanguka.

Umeuliza mwili ulisema nini, nakujibu. Waliponiinua nilitoka nje ya jumba nikishikilia ukuta, nikafika karibu na jenereta nikatapika. Nilitapika chai ya asubuhi, nikatapika maji matupu, nikaendelea mpaka machungu ya nyongo yakanijaa mdomoni. Wanawake walikuwa wamenizunguka. Hawakuleta maji. Walipiga makofi na kuruka, wakapaza sauti: "Pepo inatoka! Angalieni, inatoka!" Princesse alikuwa amesimama katikati yao na Daniella amemshika mabega, amemgeuza ili aone vizuri. Weka hiyo kwenye kitabu chako.

Wiki za kwanza sikuelewa. Mtoto alikuwa anakula, anasoma, anajibu akiulizwa. Hakunisahihisha tena. Kisha nikaona analala na viatu miguuni. Nikifunga mlango wa mbele anaamka kutazama kama ufunguo uko mahali pake. Nikimwita anakuja mpaka mezani, anasimama upande wa pili wa meza. Nilidhani ni homa, nikampikia uji.

Siku moja nilimkalisha. Nikamwambia yote: nani alitaka kumtoa Magloire pepo, nani alisimama mlangoni, nani alipoteza nani. Nikamwambia yale niliyoyasema pale jumbani hayakuwa kweli.

"Mais ulisema mbele ya Mungu, Nkambo," akanijibu.

"Nilisema kwa ajili yako. Juu ubakie na minye."

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, anauma kola ya shati. Halafu akaniuliza kwa adabu zote, kama mtu anayeuliza bei sokoni:

"Na kama ile pepo irudie?"

Nikasema hakuna pepo. Akasema aliiona.

Hakuna aliyekuja kumchukua, Magloire. Tshimanga hakuvunja kiapo, hakutuma mtu. Ni mtoto mwenyewe aliyeniomba jana nimpeleke kwa babu yake Kikula, "kwanza kidogo," akasema, ili nisihuzunike. Nilimkunjia nguo zake, sare ya shule nikaiweka juu isijikunje. Nilitaka kumbebea begi akasema atabeba mwenyewe. Tulipotoka nilimpa mkono tuvuke, akatazama mkono, akavuka peke yake. Na njia nzima, kutoka Panda hadi Kikula, alitembea upande ule mwingine wa barabara.

Gertrude